Barua Moja, Mihuri Miwili

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Masheikh, mapadri, wachungaji, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Habari ya basi la Mandera mwaijua. Desemba 2015 abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo mbele ya bunduki za al-Shabaab. Mmoja wao, Mwalimu Salah Farah, akapigwa risasi, akafariki Januari hospitalini. Kila kongamano la dini mbalimbali husimulia hilo. Twalia, twapiga makofi, twanywa chai, twaenda zetu. Nami kila mara nauliza: siku isiyo na bunduki, watu hawa wakutane wapi?

Kwetu tulikutana mtaroni.

Mtaa wetu hapa Mombasa una msikiti na kanisa, na katikati pana mtaro. Masika ikipiga, maji machafu yaingia pale tunapotawadha, na kwao yajaa uani. Kamati ya msikiti, ambayo nami nimo, iliandika barua mwaka baada ya mwaka. Kanisa nao waliandika zao. Hatukuambiana! Ofisini tulijibiwa kwamba pesa za umma si za kukarabati nyumba za ibada, nao wakajibiwa vivyo hivyo. Basi siku moja mvua imenyesha usiku kucha, mama mmoja auzaye mahamri hapo kona akatujia, leso imerowa hadi magotini: "Nyinyi mwaandika barua ngapi? Maji yenu na yao yote yaishia jikoni kwangu."

Tuliona haya. Jioni ile ile tukabisha hodi kwa mchungaji. Ikaandikwa barua moja, mihuri miwili, na kurasa nne za majina na nambari za vitambulisho. Jina la mama wa mahamri likawa la kwanza. Kwenye kikao cha maoni ya bajeti tulikaa tumechanganyika, kanzu na kola, na afisa hakuweza tena kusema hilo ni ombi la dini fulani. Mtaro ulichimbwa. Haukufika mwisho, umekomea njia panda, na bado twaudai.

Kisha ikaja siku ya usafi. Ijumaa haiwezekani. Jumamosi, Wasabato wakakataa, na ni haki yao. Jumapili mwajua wenyewe. Tulibishana wiki tatu kutafuta siku! Ikawa Alhamisi baada ya Alasiri, na ni Alhamisi hadi leo. Wiki tatu hizo zilinifundisha dini za jirani zangu kuliko semina zote nilizokaa.

Namsikia anayenong'ona: mkikaa nao sana mtachanganya imani. Nani aliyechanganya? Mwaka 1999 Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu na Wahindu walikaa pamoja katika jumba la Ufungamano, Nairobi, wakidai katiba isiandikwe na wanasiasa peke yao. Mwaka 2000 wakaunda tume yao ya katiba, na 2001 ikaungana na ile ya serikali iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai. Kila mmoja alirudi na dini yake. Na wala hawakukubaliana daima: kabla ya kura ya maoni ya 4 Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa waliipinga Katiba kwa ajili ya Mahakama za Kadhi na kifungu cha uavyaji mimba, na sisi tukaipigania. Mimi na mchungaji wetu tulibishana mwaka ule hadi tukanyimana salamu. Leo ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya sepetu zetu. Sijamwomba abadili neno alilolisema, naye hajaniomba.

Nilitaka kusema juu ya makaburi, na juu ya vijana wanaokamatwa ovyo, lakini naona mwenyekiti atazama saa. Hili moja lazima nilimalize. Mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ukija na mtaro wako Mei umechelewa. Msiningojee mimi, wala msingoje mfadhili wa kuwalipia nauli.

Daftari liko pale mlangoni. Andika jina, mtaa, na jirani wa dini nyingine utakayekwenda naye. Kama bado humjui, acha nafasi hiyo wazi, uje uijaze kabla ya Alhamisi.