Mshike kwanza, mayai utahesabu baadaye

Haya tukae jamani. Wale mlionisikia mara iliyopita mtanisamehe maana narudi palepale, kwenye upole wa kuku wa Orpington, na nitaendelea kurudi mpaka kieleweke.

Mtu akinitafuta kuhusu Orpington swali la kwanza ni anataga mangapi. Hakuna anayeuliza kama huyo kuku anashikika! Haya, anataga kama 150 hadi 200 kwa mwaka, leya wa kisasa, yule kuku wa mayai tu, anakaribia 300, kwahiyo ukitaka 300 kafuge leya tusipotezeane muda. Huyu ni kuku wa mayai na nyama, haimaanishi anawashinda wote, ni kuku aliyekubali kushindwa kidogo na leya na kidogo na broila, yule wa nyama tu, ili nyumba moja ipate vyote. Yule William Cook alipomtoa kule Orpington, Kent, Uingereza, mwaka 1886, kwa kuchanganya Minorca, Langshan na Plymouth Rock, wa kwanza alikua mweusi. Huyu wa dhahabu mnaemtaka nyote kwa ajili ya picha alikuja 1894.

Sasa upole. Mnauchukulia kama pambo, kitu cha kufurahisha watoto. Mi nasema upole ni kifaa cha kazi, na hapa naomba mnivumilie. Nilikua na koo mmoja wa dhahabu, ukimwona amevimba kama mto wa kulalia, nikawa najisifu kabisa kuku wangu wamenawiri. Siku moja mtoto akambeba akaniambia huyu mwepesi. Nikamjibu we mwepesi wa akili, kuku mnene hivyo? Nikamchukua nimwonyeshe. Loh! Nikapitisha vidole kifuani chini ya manyoya, mfupa wa kidari umechongoka kama kisu, nyama hakuna pande zote mbili, afu nikafunua manyoya ya karibu na mkia, utitiri unakimbia. Alikua ameatamia kiota kitupu wiki kadhaa, mayai nakusanya kila siku yeye kakaa tu, anashuka mara moja kwa siku anadonoa anarudi, na mi napita namwona namsalimia na kuendelea na shughuli zangu. Manyoya yalinidanganya. Nikamtibu utitiri, nikamtoa kiotani nikamweka kwenye kizimba cha waya kilichoinuliwa, hewa inapita chini, maji na chakula mbele yake, siku nne akasahau habari ya kuatamia. Angekua kuku wa kukimbizana naye uani nisingemshika, ningekuja kumwokota.

Kwahiyo kila jioni wakishapanda kulala shika wawili watatu, papasa kidari, angalia chini ya mabawa na nyayo, dakika tano umemaliza. Najua mtasema kuku yeyote ukimpa chakula atakuja. Atakuja kwenye chakula, kwako hajaja, hebu jaribu kumgusa uone.

Na kuna mama pale mbele namwona anajiandaa kuuliza, sasa kuku wa kukaa mapajani unamchinjaje? Swali zuri, linanisumbua hata mimi. Ukiangua vifaranga, na huyu akiatamia mayai ya kweli siku 21 anakuangulia mwenyewe bila umeme, karibu nusu watakua majogoo, na nyama yako ni hao. Wanachelewa, hesabu miezi mitano au zaidi, si wiki sita za broila. Kwangu tembe wanapewa majina, majogoo hawapewi, watoto wanaijua hiyo sheria na bado kuna jogoo mmoja anaitwa Waziri ambae mpaka leo yupo, basi tuendelee.

Naonyeshwa saa hapa, ngoja nikimbie. Fito ya kulalia iwe chini maana ni wazito, jogoo anafika kilo nne na nusu, akiruka kutoka juu anaumia nyayo anaota vidonda. Joto linawatesa kwa ajili ya manyoya, kivuli na maji kila saa. Msiwachanganye na kuku wakorofi, hawa hawajui kugombana watanyimwa chakula mchana kweupe. Chanjo ya mdondo hiyo hata sijadili, ugonjwa huo mpole na mkali wote unawamaliza.

Chakula sijagusa kabisa, nilikaa sana kwa yule koo. Haya, maswali, ila anayeuliza mayai mangapi nimeshamjibu.