Tonge la Mwisho: hatia, kisasi na wafu wanaorudi kwenye hadithi za vita

Mwangaluka ndugu zangu. Wazee wangu shikamooni, na nyie vijana mliobanana huko mlangoni sogeeni mbele, viti vipo, mambo haya sipendi kuyasema kwa kupaza sauti.

Nimeambiwa niongee kuhusu askari kwenye riwaya na tamthilia, yule anayeua, analipa kisasi, halafu anarudi nyumbani na aliyemuua anarudi naye. Ningeweza kuanzia mbali lakini tuko Tabora bwana, mji huu huu Septemba 19, 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia, na tukisema Wabelgiji tuelewane, waliobeba bunduki wengi wao walikuwa Wakongo, na upande wa Mjerumani waliokuwa wanapigwa wengi walikuwa askari weusi wa humu humu. Yaani mtu analenga shabaha anamwona mbele yake mtu anayefanana na shemeji yake. Hilo liwekeni akilini.

Sasa. Kuna mwalimu mmoja alisoma Tabora School, akaja kufundisha pale St. Mary's miaka ya 1940, mnamjua wote, Nyerere. Mwaka 1963, nchi bado changa kabisa, akatoa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ile tuliyokuja kuijua kama Juliasi Kaizari. Watu wengi wakiitaja tamthilia hii wanakimbilia kwenye hotuba ya Antoni mbele ya maiti, na kweli ile hotuba ni kisasi kinawashwa kama moto wa nyasi, ila mimi nataka twende mbele kidogo, kwenye hema la Bruto usiku, kabla hawajaondoka kwenda kwenye vita vya Filipi. Bruto hapati usingizi. Kijana wake aliyekuwa anampigia muziki ameshasinzia na chombo mkononi, Bruto anakitoa taratibu kisivunjike, anafungua kitabu, taa inafifia, na Kaizari aliyemchoma kisu anasimama mbele yake. Mzimu unasema maneno machache tu, kwamba wataonana Filipi, basi, unaondoka. Halafu Bruto anafanya nini? Anawaamsha waliolala humo hemani mmoja mmoja, anawauliza, umeota? umeona kitu? Hakuna aliyeona.

Mimi hapo ndipo huwa nafunga kitabu kwanza. Kwa sababu mzimu wenyewe sio unaotisha, kinachotisha ni huyu jemadari mzima mwenye jeshi lake anaomba walau mtu mmoja amwambie nami nimeona. Hapati. Na Bruto hakuua kwa chuki, aliua akiamini kabisa anaiokoa nchi, mbona basi sababu nzuri haikumsaidia usiku ule?

Miaka 15 baada ya tafsiri ile, mwaka 1978, huyo huyo Mwalimu akatutangazia vita na Amin, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, wazee mnaikumbuka. Na sababu ilikuwepo kweli, Kagera ilikuwa imevamiwa, sitaki mtu aondoke hapa anasema nimeitilia shaka vita ile. Mjomba wangu alikwenda. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, akarudi mzima, mikono miwili miguu miwili, ukoo ukachinja.

Nyumbani kwetu ni upande wa Urambo, tunalima tumbaku. Wanaojua tumbaku wanajua kazi ya bani, lile banda la kukaushia majani kwa moto, ukishapakia ukawasha, moto haulali karibu wiki nzima, usiku na mchana mtu lazima awepo anasukumia kuni, ukipoa umepoteza, ukizidi umepoteza. Watu wanapangiana zamu za usiku na wanagombana kuzikwepa. Mjomba alikuwa anaziomba. Zamu za watu wote alichukua yeye, na sisi watoto tukamwona ni mtu wa huruma sana, kumbe alikuwa halali.

Alikuwa na mesitini, kile chombo cha kulia cha kijeshi, cha bati, kina mkono unaokunjwa. Alikula humo kila jioni na hakuna aliyeruhusiwa kukiosha zaidi yake. Chini yake kulikuwa na herufi mbili zimechorwa kwa msumari, na sio herufi za jina lake. Tena kila siku alibakiza tonge moja. Njaa iwepo, mboga iwe nyama, tonge moja linabaki pembeni. Siku moja nikiwa na miaka 14, tuko wawili banini, nikamuuliza, mjomba hilo la nani? Akasema la mwenyewe. Akasukumia gogo. Nikadhani yameisha, baadaye sana, sijui saa ngapi, akaanza kuongea akiangalia mdomo wa tanuri.

Akasema, mjomba, asubuhi ile walimpiga mwenzangu tuliyetoka naye mafunzoni, tulikuwa tunalala chini ya turubai moja. Mchana akatoka kijana kwenye migomba, mikono hivi. Akanionyesha hivi, mikono kiunoni kwake imefunguka viganja mbele, sio juu kama kwenye sinema. Anasema mpaka leo hajui kama yule alikuwa anajisalimisha au alikuwa anaonyesha kwamba amebeba chakula, kwa sababu mesitini ilikuwa mkononi, na ilikuwa bado ya moto. Mjomba akasema tu, nilikuwa namlipia mwenzangu. Halafu, sura ya mwenzangu siikumbuki tena, ya yule naikumbuka.

Naomba mnivumilie kidogo.

Nilipokuja kusoma fasihi nikawa napima vitabu vyote vya vita kwa maneno hayo. Maana tunafundishwa kisasi na hatia kama vitu viwili, kwanza mtu analipa kisasi halafu baadaye anajuta. Mimi naona kwenye hadithi zilizoandikwa kwa ukweli hatia inatangulia. Mjomba alijiona ana deni kwa mwenzake aliyekufa yeye akiwa hai, akatafuta mtu wa kumtwisha lile deni, akampata kijana ana chakula mkononi, na lile deni halikulipika, likawa mawili.

Kuna riwaya ya David Diop, Frère d'âme, ya 2018, kwa Kifaransa, ni ya askari wa Senegali waliopigania Ufaransa vita ya kwanza ya dunia. Alfa Ndiaye ana rafiki yake wa utotoni Mademba ametumbuliwa tumbo, yuko chini anaomba mara tatu nimalizie, na Alfa anakataa, mara zote tatu, kwa sababu mafundisho aliyolelewa nayo hayaruhusu. Rafiki anakufa polepole. Baada ya hapo Alfa anaanza kwenda usiku upande wa Wajerumani peke yake na kurudi na mkono wa mtu uliokatwa. Mkono wa kwanza wenzake wanamshangilia, shujaa! Mikono inavyoongezeka wanaanza kumkwepa, wananong'ona huyu mchawi. Sasa soma vizuri anachowafanyia wale maadui, anawatumbua kama rafiki yake alivyotumbuliwa, halafu wakimwomba kwa macho anawamalizia haraka. Mnaona? Anarudia ile siku tena na tena, safari hii anakubali lile ombi alilolikataa. Watu wanaiita riwaya ya kisasi, mimi naona ni mtu anaomba msamaha kwa watu wasiohusika.

Gurnah wa kwetu, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Nobeli 2021, yeye kaenda njia nyingine kwenye riwaya yake Afterlives. Vita ya Mjerumani huku kwetu, Hamza anarudi anachechemea na haongei sana, anatafuta kazi, anapenda, anaoa. Ukisoma haraka utasema amepona. Ila anayeanza kusikia sauti usiku ni mtoto wake, kijana mdogo aliyepewa jina la mjomba wake Ilyas aliyekwenda vitani asirudi, mpaka watu wanaona ana pepo na inabidi apungwe. Hapa Mswahili hahitaji maelezo, sisi tunajua jambo lisilosemwa na baba huwa linapanda kichwani kwa mtoto. Tena pepo lina adabu moja kubwa, linaulizwa unataka nini, na linajibu. Hospitali nyingi haziulizi hivyo.

Kwa hiyo nyie mnaoandika, na najua mpo humu, najua wengine mmekuja na daftari zenu. Mkiandika askari msimpe mzimu wa shuka jeupe na upepo. Mpeni kitu kidogo kinachoshikika, tonge, harufu ya migomba, namna ya viganja. Na msikimbilie kumtakasa kwenye ukurasa wa mwisho kwa sababu mnampenda, mimi nilimpenda mjomba kuliko watu wengi na bado siwezi kumpunguzia. Zaidi ya yote yule aliyekufa awe mtu. Tumeandika sana nduli, tumeimba sana nduli, na Amin alistahili, ila kijana mwenye mesitini alikuwa na mama aliyesubiri.

Nimejaribu mwenyewe. Nina kurasa arobaini na kitu za hadithi inayoanzia upande wake, anapika asubuhi, anapuliza moto, kuni mbichi, moshi unamwingia machoni. Nimekwama kwenye jina. Nina herufi mbili tu, na kila jina ninalolijaribu naona namzulia, naona namchukulia kitu kingine tena.

Mjomba alishafariki. Siku ya arobaini mkewe aliniita uani akanipa ile mesitini ameifunga kwenye kitenge, akasema ichukue wewe, mimi nimekula nayo meza moja inatosha. Nimekuja nayo leo, hii hapa. Anayetaka kuziona herufi apite mbele wakati wa maswali. Msiipitishe mkono kwa mkono, tafadhali, ibaki hapa mezani.