Kipindi cha Leo: Uyoga wa Kichuguuni

ZAWADI: Karibuni tena, wasikilizaji. Baraka, uko mwaka wa tatu, unasoma botania, na mvua zikianza tu hushikiki. Porini unafuata nini?

BARAKA: Vichuguu, dada Zawadi! Ardhi ikishalowa vizuri, uyoga wa kichuguuni unachomoza. Jina lake la kisayansi ni Termitomyces. Darasani kuvu, yaani uyoga na jamii yake, zilikuwa majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini chimba taratibu ukifuata shina lake: linashuka chini, refu, jembamba, mpaka kwenye shamba la mchwa.

ZAWADI: Shamba? Mchwa wanalima?

BARAKA: Wanalima haswa. Wanatafuna majani makavu na vijiti, kisha kwa kinyesi chao wanajenga masega chini ya ardhi. Kuvu ya uyoga huu inaota humo, inalainisha yale magumu, nao wanakula. Ushirika huo una takriban miaka milioni 30. Na Zambia kuna aina yake, Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake hufika upana wa mita moja. Wanasayansi waliipa jina hilo mwaka 1980, wakati wanavijiji walikuwa wakiila tangu zamani.

ZAWADI: Kwetu bibi anaupika na karanga, na hana hadubini.

BARAKA: Bibi ni mtaalamu wa pori lake, na namheshimu kwa hilo. Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake kutoka Finland walikusanya maarifa ya wazee kama hao, wakatoa kitabu mwaka 2003. Hatari inaanza mtu akihama, akakuta uyoga unaofanana na wa kwao.

ZAWADI: Sasa wewe unatofautishaje?

BARAKA: Mojawapo ya vipimo ni alama ya spora, ule unga ambao uyoga huzaliana kwao. Unakata kofia, unailaza kwenye karatasi, mikunjo ya upande wa ndani ikiwa chini, unaifunika kwa bilauri mpaka asubuhi. Termitomyces huacha unga wa rangi ya waridi hafifu. Uyoga mwingine, Chlorophyllum molybdites, mweupe, mzuri wa kutamanisha, huacha wa kijani, na huo utakutapisha vibaya. Hata hivyo, rangi ya spora peke yake si ruhusa ya kula. Kuna uyoga uitwao Amanita phalloides, una sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mgonjwa anaweza kukaa saa 6 hadi 24 bila dalili yoyote, kumbe ini linaharibika. Ukiwa na shaka hata kidogo, usile. Na aliyekwisha kula akimbizwe hospitali na mabaki ya uyoga wenyewe, asisubiri kuumwa.

ZAWADI: Na ukikosa jina hata baada ya hadubini?

BARAKA: Hapo ndipo usingizi unaniruka! Naukausha, naandika tarehe, mahali na mti uliokuwa karibu, kisha naupeleka kwenye hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa ya chuo. Kuvu za Afrika ambazo bado hazina jina la kisayansi ni nyingi mno, dada, na nyingine zinaota nyuma ya mabweni yetu.