Usikikate Kikonyo: Mhadhara Kuhusu Mmea wa Nta

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naomba nianze na hiki nilichokishika. Walio mbele wanakiona vizuri. Walio nyuma, ni kijiti kifupi kama kidole cha mwisho, kikavu, na kwenye ncha yake kuna makovu madogo madogo yaliyobanana. Kila kovu hapa palikuwa na ua. Nilikikata mwenyewe kwa mkasi siku maua yalipomalizika kupukutika, nikiamini nausafisha mmea. Kumbe nilikuwa nimekata mahali pale pale ambapo maua ya msimu uliofuata yangetokea.

Hiki ndicho kikonyo cha mmea wa nta. Mimea mingi tuliyoizoea huchanua kwenye chipukizi jipya, ndiyo maana mikono yetu imezoea kukata maua yaliyokauka. Huu hauko hivyo. Kikonyo kikishatoka hubaki, na mwaka baada ya mwaka hutoa kishada kingine palepale, kikirefuka kidogo kidogo. Maua yakianguka, uacheni mmea na kijiti chake, hata kikionekana kama kitu kilichokufa.

Jina la kitaalamu ni Hoya carnosa. Robert Brown, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyeipa jamii hii jina Hoya mwaka 1810, kwa heshima ya Thomas Hoy, mtunza bustani wa jumba la Syon House nchini Uingereza. Mimi hulipenda sana jina hili, kwa kuwa heshima imemfikia mtu aliyeshika udongo kwa mikono yake.

Asili yake ni kusini mwa China, Taiwan, kusini mwa Japani na maeneo ya jirani. Huko hupanda juu ya miti, mizizi ikishikilia magome. Kumbukeni picha hiyo, maana inajibu maswali mengi. Mizizi iliyozoea gome la mti inataka hewa kuliko inavyotaka maji. Mkiipa udongo mzito unaoshikana kama tope, mnaifukia hai. Changanyeni udongo na vipande vya magome na changarawe, kwenye chungu chenye matundu chini, na chungu chenyewe kiwe kidogo. Mizizi ikibanana kidogo, mmea hauna shida. Kwenye chungu kikubwa, udongo hukaa na unyevu siku nyingi na mizizi huoza.

Kuhusu maji, shikeni jani. Likiwa gumu na limejaa, lina akiba ya kutosha, ahirisheni. Likilegea na kuanza kukunjamana, huenda lina kiu. Nasema huenda, kwa sababu mizizi iliyooza nayo huleta jani lililokunjamana, maana haiwezi tena kunyonya. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaona jani limenywea, wanamwaga maji, na wanazidi kuuzamisha mmea unaozama. Kwa hiyo baada ya kushika jani, ingizeni kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu hadi ndani, mwagilieni mpaka maji yatoke chini, kisha myamwage yaliyobaki kwenye kisahani. Ukiwa mbichi na jani limelegea, utoeni mmea kwenye chungu mkague mizizi.

Mwanga ndio unaoleta maua. Mmea wa nta utaishi miaka kwenye kona yenye giza, majani mazuri, bila hata ua moja. Uwekeni karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, jua la asubuhi likiupata. Jua kali la mchana huunguza majani. Penye majira ya baridi, upunguziwe maji miezi hiyo na ukae mahali pa ubaridi kiasi, lakini pasishuke chini ya nyuzi 10.

Mtauona pia ukitoa shina refu lisilo na majani, linaloning'inia kama uzi. Nalo msilikate. Linatafuta pa kujishika. Lizungusheni kwenye waya, majani yatakuja baadaye.

Machipukizi ya maua yakitokea, msiuhamishe wala kuugeuza, na msiuache ukauke kabisa, maana huyaangusha. Subirini. Yakifunguka, tazameni kwa karibu: nyota ya waridi hafifu yenye vinyweleo kama mahameli, na juu yake nyota nyingine ndogo, ngumu, inayong'aa kama nta, yenye wekundu katikati. Jioni harufu yake huongezeka na kujaa chumba kizima, na matone ya mbochi, yaani maji matamu ya ua, hudondoka. Pangusa sakafu, basi.

Wadudu wanaosumbua zaidi ni vidung'ata, wale wenye pamba nyeupe kwenye makutano ya jani na shina. Wafuteni kwa pamba iliyolowa spiriti, mrudie baada ya siku chache, kwani mayai hubaki. Mkitaka kuotesha mwingine, kateni kipande cha shina chenye vifundo viwili, yaani sehemu majani yanapotokea, na mfukie kifundo kimoja. Jani peke yake linaweza kutoa mizizi na kukaa miaka mingi, lakini bila kifundo halitoi shina.

Mmea wangu ulichukua muda mrefu kabla ya kutoa kikonyo kipya, kwenye shina jingine kabisa. Sasa naomba hiki cha zamani kipitishwe hadi nyuma, mkihesabu makovu, kisha tuanze maswali.