"Forward" si "mbele"

Ndugu zangu wafasiri, na ninyi walimu wenzangu, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Leo nalisema kwa uchungu zaidi, maana limenifika nyumbani.

Mpwa wangu aliitwa kwenye usaili wa kazi, Jumatano saa tatu asubuhi. Wiki moja kabla, ikaja barua pepe ya mstari mmoja: usaili umekuwa "brought forward by two days". Kijana akafasiri kama alivyofundishwa darasani: "forward" ni mbele, basi umesogezwa mbele siku mbili. Jumatatu akashinda nyumbani anajiandaa. Ijumaa saa mbili na nusu yuko getini, shati limepigwa pasi, vyeti mkononi. Mlinzi akamwambia, "Mdogo wangu, wenzako walikuja Jumatatu."

Najua yupo anayesema moyoni: si angepiga simu akauliza? Aulize nini, na yeye haoni utata? Redio ikitangaza kwamba mechi imesogezwa mbele, hakuna shabiki anayewahi uwanjani. Mwaka 2020 Olimpiki ya Tokyo iliposogezwa mbele, sote tulielewa kwamba ni 2021. Kwetu mbele ndiko tuendako, kwenye siku ambazo hazijafika, na kitu ukikisogeza mbele umekisukuma huko. Ukikiwahisha, umekirudisha nyuma.

Mwingereza amesimama pengine. Tazameni kitenzi chake: "bring", kuleta. Jambo lililo mbali analivuta lije alipo yeye. Shughuli zake zimepanga foleni zinamjia, na ile iliyotolewa katikati ikawekwa mwanzoni ndiyo iliyokuwa "brought forward". Hata neno lake la kabla, "before", lina "fore" ndani yake, yaani upande wa mbele, ile ile iliyomo kwenye "forward". Aliye mbele ya foleni ndiye anayetangulia. Na sisi je, hatusemi kwamba aliyetangulia yuko mbele? Picha zote mbili tunazo. Tofauti ni kwamba tukishika kalenda, sisi tunachukua ile ya msafiri, wao wanachukua ile ya foleni. Kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba Kiswahili kina kasoro hapa.

Tena ukiondoa "bring" ukaweka "move", wenye lugha wenyewe wanagawanyika. Mwaka 2002 wanasaikolojia Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha utafiti uliofanyika Marekani. Swali lilikuwa jepesi: mkutano wa Jumatano ijayo umekuwa "moved forward two days", sasa utakuwa siku gani? Wapo waliosema Jumatatu, wapo waliosema Ijumaa, na Kiingereza ni chao. Wakaulizwa watu kwenye kiwanja cha ndege. Waliotoka kushuka kwenye ndege walielekea kujibu Ijumaa kuliko waliokuja kupokea wageni. Aliyetoka safarini bado anajiona yeye ndiye anayekwenda, siku zimesimama zinamngoja. Aliyekaa kumngoja mgeni anaziona siku zikimjia. Sasa mwanafunzi wetu anajibu Ijumaa, mwalimu anamwekea kosa kwa wino mwekundu bila neno la maelezo! Hilo linanikera, na sitaacha kulisema.

Mengine nayapitia haraka, muda umekwisha. Kwenye mpira "forward" ni mshambuliaji, hilo hata watoto wanalijua. Kufowadi ujumbe, sina ugomvi nako. Kwenye daftari la hesabu, "brought forward" ni salio lililotoka ukurasa uliopita: limetoka nyuma, si mbele, lakini limeletwa hapa tulipo, na ndiyo maana nasema kitenzi ndicho chenye mzigo. "Look forward to" ni kungojea kwa hamu. Tafadhalini, tuache kuandika "tunatazama mbele kukuona" kwenye barua za mialiko. Mtoto akiitwa "forward" ameambiwa mjuvi, anazoea wakubwa. Nimemwona mzazi akiipokea kama sifa, na hakuna aliyemweleza.

Nilitaka tufike kwenye "back", kwa sababu mkutano uliokuwa "pushed back" ndio huo ambao sisi tunasema umesogezwa mbele, lakini mwenyekiti ameshasimama.