Eti Ile Kuku ni Paka? Nyama ya Migahawa ya Kiasia

Haya jamani, habari zenu huko nyumbani. Kamera iko sawa, sauti iko sawa, tuanze. Leo najibu lile swali ambalo wengi wenu mnalizungukazunguka: "Hivi nyie huko Uingereza mnaokula kwa Wachina, mna uhakika ni kuku?" Wengine hamzunguki hata kidogo, mnataja moja kwa moja. Paka. Mbwa. Panya. Shangazi yangu mmoja yeye ana kisa kizima, chenye mgonjwa na daktari.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtu kala kwenye mgahawa wa Kichina, kakwamwa na mfupa kooni, kakimbizwa hospitali. Daktari kautoa, kaugeuza, kauliza, "Ulikula nini wewe? Huu ni mfupa wa panya." Shangazi anaapa kimempata mtu anayefahamiana na jirani yake. Shikamoo shangazi, nakuheshimu sana, lakini kisa hicho hicho watafiti wa ngano za mijini, yaani visa vya kubuni vinavyosimuliwa kama kweli, walikuwa wanakikusanya Ulaya tangu miaka ya 1970 na 1980. Mji unabadilika, mgahawa unabadilika, mfupa ni uleule. Na mwenye koo lake haonekani kamwe, kila mara ni rafiki wa rafiki.

Kuna kingine kilichofika mpaka magazetini, mwaka 1971. Mume na mke kutoka Uswisi wako Hong Kong, wana kimbwa chao kinaitwa Rosa. Wanaingia mgahawani, lugha hawaijui, wanamwonyesha mhudumu kwa vidole kwamba mbwa naye ana njaa. Mhudumu anamchukua Rosa, anampeleka jikoni, na Rosa anarudi kwenye sinia. Jina la mbwa tunalijua vizuri. Jina la ukoo la wenye mbwa lilitajwa kwa herufi moja tu, W. Fikirieni wenyewe.

Sasa huu uvumi ulianzia wapi? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana wengi wanadhani ni habari za juzi za WhatsApp. Turudi Marekani, karne ya 19. Wachina wameletwa wakajenga reli, ile ya kuvuka bara iliyokamilika 1869. Reli imekwisha, kazi zimekuwa haba, vibarua weupe wanasema hawa wanatuharibia ujira. Huko California chama cha wafanyakazi kikawa na kaulimbiu moja: Wachina lazima waondoke. Mwaka 1882 ikapitishwa sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, na haikufutwa mpaka 1943.

Basi katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na sumu ya panya iliyoitwa Rough on Rats, ya mtu mmoja wa Jersey City. Kadi yake ya matangazo ilichorwa Mchina ameshika panya mkiani, mdomo wazi, yuko tayari kumla. Na maandishi: "They must go." Lazima waondoke. Nani, panya au Wachina? Mchoraji alikuacha ujaze mwenyewe. Hapo unauziwa sumu na unauziwa chuki kwa bei moja.

Kulikuwa na Mchina mmoja New York, mhariri wa gazeti, Wong Chin Foo. Mwaka 1883 alichoka. Akatangaza zawadi ya dola 500 kwa yeyote atakayethibitisha kwamba Mchina amekula panya au paka. Dola 500 za wakati ule, jamani! Hakuna aliyekuja kuzichukua. Mimi huyu bwana nampenda sana. Hakulia, hakuomba huruma, aliweka pesa mezani.

Mnaona inavyokwenda? Mgeni kaja, kazi nyingine amefungiwa milango, kabaki na kufua nguo na kupika. Usipomtaka, unaanza na sufuria yake. Na si kwa Mchina peke yake. Septemba 2024, kwenye mdahalo wa urais, Donald Trump alisema wahamiaji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa watu. Hao walikuwa Wahaiti! Maofisa wa mji walisema hawana taarifa yoyote ya kuaminika ya jambo hilo, lakini vitisho vya mabomu vikaja vilevile, mpaka shule zikafungwa. Mwaka mmoja kabla, 2023, kule Fresno, California, mgahawa wa Kithai ulizushiwa mtandaoni kwamba unapika mbwa, kisa tu kulikuwa na mbwa amefungwa kwenye nyumba ya jirani. Wenye mgahawa wakatukanwa kwenye simu mpaka wakafunga biashara.

Tuache historia, tupige hesabu ya jikoni. Paka mzima wa nyumbani ni kilo 4 au 5 akiwa hai. Toa ngozi, toa matumbo, toa mifupa, unabaki na nini? Hafugwi kwa makundi kwa ajili ya nyama, yeye mwenyewe anataka kulishwa nyama, inabidi umwinde mmoja mmoja usiku, na ana kucha. Kuku wa kisasa anafika kilo 2 kwa wiki 6 hivi, analetwa mlangoni ameshachinjwa, ameshanyonyolewa, kwenye maboksi. Mfanyabiashara gani anayetafuta faida atamwacha kuku akapande ukuta kumfukuza paka? Huyo si tapeli, huyo ana shida nyingine.

"Lakini mbona ile nyama ni laini vile, inateleza?" Swali zuri, na lina jibu. Mpishi wa Kichina anaikata nyama vipande vyembamba, kisu kikikingamisha zile nyuzi zake. Kisha anaichanganya na ute wa yai na konflawa, na ya ng'ombe mara nyingi anatia soda ya kuokea kidogo, jamaa yake magadi. Soda inazuia protini zisishikane na kukaza zikipata moto. Halafu anaipitisha haraka kwenye mafuta au maji ya moto kabla ya kuikaanga na mboga. Hata kipande kigumu cha bei rahisi kinalainika. Na ile mifupa yenye sura ngeni? Bata au kuku anapasuliwa kwa panga la jikoni, mfupa unakatwa katikati, si kwenye maungio. Unakutana na kipande cha mfupa ambacho hujawahi kukiona na akili inakimbilia panya.

Sasa nisiwapake mafuta. Utapeli wa nyama upo. Mei 2013 polisi wa China walitangaza kukamata watu 904 katika kampeni ya miezi mitatu, na genge moja lilikuwa linauza nyama ya mbweha, minki (mnyama mdogo anayefugwa kwa manyoya yake) na panya kama nyama ya kondoo. Waliolishwa ni Wachina wenyewe. Lakini angalieni ilikuwa inaigwa nyama gani: kondoo, ghali. Huku Uingereza, 2014, shirika la watetezi wa walaji, Which?, lilipima sampuli 60 za kari na kebabu za kondoo kutoka migahawa ya Birmingham na London. Asilimia 40 zilikuwa na nyama nyingine, na sampuli 7 hazikuwa na kondoo hata chembe. Nyama gani nyingine? Zaidi ni ng'ombe na kuku. Na kashfa kubwa kuliko zote ya Ulaya, ya nyama ya farasi ya 2013, haikutoka kwa Mwasia yeyote. Wakaguzi wa Ireland walipima baga za ng'ombe za supamaketi, 10 kati ya 27 zikakutwa na vinasaba vya farasi. Je, mmesikia mtu akisema siendi tena supamaketi, wale ni wala farasi?

Na ndiyo, mbwa analiwa katika baadhi ya nchi za Asia. Anaagizwa kwa jina lake na analipiwa kwa jina lake, hafichwi ndani ya kuku. Na hata huko mambo yanabadilika: mji wa Shenzhen, China, walipiga marufuku mbwa na paka 2020, na Korea Kusini ilipitisha sheria Januari 2024 ya kufunga biashara hiyo ifikapo 2027.

Mimi nikienda kula naangalia kibandiko mlangoni, kile cha alama za usafi, 0 hadi 5, na 5 ndiyo bora. Wales ni lazima kibandikwe, England ni hiari, kwa hiyo mgahawa wa England usiokibandika nauangalia mara mbili. Jiko chafu ndilo litakalokulaza kitandani.

Kwa ndugu zangu Waislamu, maswali yenu ya kweli ni mengine kabisa. Kuku mwenyewe wa halali au la, ulizeni. Divai ya mchele inatiwa sana kwenye viungo vya kulowekea nyama, na haionekani. Char siu ni nguruwe. Wali wa kukaanga unaweza kuwa umepikiwa mafuta ya nguruwe. Mwenye mzio, sheria ya hapa inamlazimu mwenye mgahawa akwambie kama kuna chochote kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio, kuna karanga, kuna kamba. Na wenye mzio wa vya baharini msikimbilie mboga za majani mkadhani mmepona, maana kwenye migahawa mingi ya Kikantoni, ya kusini mwa China, zinamwagiwa sosi ya chaza juu.