Umekadiriwa AAA, chuo kinataka A*AA: maombi yako yapange hivi

Karibuni tena. Leo naongea na vijana wa kidato cha sita, wa A Level na wa IB wanaovitolea macho vyuo vya Uingereza, hasa vile vinavyochuja kwelikweli: Oxford, Cambridge, Imperial, LSE na wenzao. Wazazi nao wavute kiti, maana makosa mengi ya jambo hili hufanyika nyumbani, mwezi wa tisa.

Kwetu mtu huomba chuo matokeo yakiwa mkononi. Mtanzania hungoja NECTA watangaze, ndipo anaingia kwenye dirisha la TCU. Mkenya hungoja KCSE, ndipo anaingia KUCCPS. Uingereza ni kinyume. Unaomba Oktoba au Januari, mtihani unaufanya Mei na Juni, matokeo ya A Level yanatoka Agosti. Hapo katikati chuo kinaangalia alama ambazo bado hazipo. Mwalimu anakadiria utapata nini katika kila somo, na makadirio yake yanakwenda UCAS, mfumo mmoja unaopokea maombi ya vyuo vya nchi nzima.

Sasa wewe umekadiriwa AAA, yaani A kwenye masomo matatu. Juu ya A kuna A*, ile A yenye nyota. Cambridge kwa kawaida wanataka A*A*A kwa sayansi na A*AA kwa masomo mengi ya sanaa. Oxford wanaanzia AAA na kupanda hadi A*A*A, inategemea kozi. Uko mpakani. Cha kwanza, usikimbilie jina la chuo, fungua ukurasa wa kozi yenyewe na usome sharti la somo. Mara nyingi nyota haidaiwi popote tu: uhandisi au uchumi unaweza kuitaka kwenye hesabu. Nyota ya jiografia hapo haikusaidii kitu. Na kinyume chake pia: anayekadiriwa AAA na akapenda historia ana milango ambayo mwenzake wa kompyuta, mwenye AAA ileile, hana.

Je, makadirio yanaaminika? Mtafiti Gill Wyness mwaka 2016 alionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata matokeo sawasawa na makadirio ya masomo yao matatu bora. Robo tatu walikuwa wamekadiriwa juu kuliko walichokuja kupata. Vyuo vinalijua hilo. Ndiyo maana kupungukiwa alama moja hakukufungii mlango moja kwa moja, lakini kupungukiwa mbili kwenye kozi yenye msongamano ni kutupa nafasi.

Kuhusu kuomba upandishiwe: inawezekana, ila kwa ushahidi. Nenda kwa mwalimu wa somo kabla shule haijafunga makadirio yake, nyingi hufunga Septemba. Usimwambie “mwalimu nisaidie”. Muulize: nikifikisha alama ngapi kwenye jaribio lijalo utanipa A*? Kisha mpelekee mitihani iliyopita uliyoifanya kwa saa, ikasahihishwa kwa mwongozo rasmi, makosa yako yakionekana wazi pamoja na marekebisho. Kinachoharibu ni mzazi kwenda kumbana mkuu wa shule. Hata akifanikiwa, fikiria kinachofuata: ofa utakayopewa ina masharti ya matokeo halisi. Makadirio ya kupuliziwa yanakupatia ofa ambayo Agosti utaikosa, na njiani yamekula nafasi ya chuo ambacho kingekuchukua.

Hapo ndipo penye hesabu yenyewe. UCAS inakupa nafasi tano. Huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja, chagua moja. Udaktari wa binadamu, wa meno na wa wanyama ni nafasi nne tu, ya tano unaweka kozi nyingine. Kwa mtu wa mpakani, ningezigawa hivi: moja au mbili juu ya makadirio, mbili sawa nayo, na moja chini yake waziwazi, yaani chuo kinachotaka ABB na ambacho ungekwenda kwa moyo mweupe. Kosa la kila mwaka ni kujaza vitano vyote vya A*A*A kwa sababu ya majina. Vyuo hivyo vinasoma maombi yaleyale kwa macho yaleyale. Kilichokukwamisha kwa mmoja kitakukwamisha kwa wote.

Tarehe. Oxford, Cambridge na kozi hizo za udaktari: 15 Oktoba, saa 12 jioni ya Uingereza. Oktoba hiyo ni saa 2 usiku Afrika Mashariki. Kozi nyingine nyingi ni Januari, na hapo saa zao zimerudi nyuma, kwa hiyo saa 12 jioni yao ni saa 3 usiku yetu. Ada ya maombi kwa wa kuingia 2026 haikufika pauni 30 kwa vyuo vyote vitano.

Kama shule yako haijasajiliwa na UCAS, sikiliza hapa kwa makini. Unaomba kama mtu binafsi, unaingiza barua pepe ya mwalimu, naye anatumiwa kiungo cha kujaza maoni yake pamoja na makadirio. Barua ile hutumbukia kwenye taka za barua pepe, mwalimu hana habari, wewe unangoja. Na kwa kawaida bila maoni hayo maombi hayaendi. Mpigie simu siku hiyohiyo, mwambie afungue na folda ya taka. Jingine: mwalimu asiyezoea anaandika kwamba wewe ni mtiifu, nadhifu na kiranja mzuri, halafu sehemu ya makadirio anaiacha wazi au anaandika “Division One”. Msomaji wa Uingereza hana la kufanya na hilo. Anataka alama kwa kila somo, na sentensi kama “ametatua maswali ya mekanika yaliyo nje ya silabasi”. Kama uliugua au shule ilikosa mwalimu wa fizikia mwaka mzima, kuna sehemu maalumu ya hali kama hizo kwenye maoni ya mwalimu. Ni yeye anayeijaza, basi mkumbushe.

Maelezo binafsi siku hizi ni maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi, kila jibu lisipungue 350. Mtu wa mpakani aweke uzito kwenye la pili. Taja tatizo moja la somo, ulilikabilije, lilikufikisha wapi. Orodha ya vitabu kumi bila wazo hata moja haina faida. Na usinakili, UCAS ina mashine ya kulinganisha maandishi na inawaarifu vyuo.

Kinachoweza kukuinua kuliko insha ni mtihani wa kuingilia. Kozi nyingi za sheria kwenye vyuo vya juu zina LNAT: maswali 42 ya kuchagua, kisha insha ya dakika 40. Uhandisi wa Cambridge na Imperial una ESAT, kila sehemu maswali 27 kwa dakika 40, bila kikokotoo. TMUA ya hesabu ni karatasi mbili, maswali 20 kila moja kwa dakika 75, nayo bila kikokotoo. Hapo ndipo wetu wengi wanapoangukia, si kwa ujuzi mdogo bali kwa mwendo. Unajisajili mwenyewe, UCAS haikusajili, na kwa wa Oktoba usajili hufungwa mapema, Septemba. Ukipitwa, maombi yako yamekufa hata kama yametumwa.

Neno fupi kwa wenye matokeo tayari. Anayeomba akiwa amemaliza hahitaji makadirio. Kwa mtu aliyekadiriwa chini kuliko uwezo wake, kukaa mwaka mmoja na kuomba na alama halisi ni njia safi kabisa, na sioni aibu yake. Ila wa KCSE waangalie ukurasa wa nchi yao kwenye tovuti ya chuo: vyuo vingi vya juu haviipokei peke yake kuingia mwaka wa kwanza, vinataka mwaka wa msingi au A Level. Wa ACSEE ya Tanzania na UACE ya Uganda nao wasome palepale, vyuo vinatofautiana.

Ofa zikija, unashika mbili: chaguo la kwanza na la akiba. La akiba liwe na masharti ya chini. Mtu anashika A*AA na A*AA, halafu Agosti anapata AAB na anaachwa na zote mbili kwa siku moja. Ukikosa kidogo, chuo kinaweza bado kukuchukua, hasa kama somo la lazima umelifikia, kwa hiyo piga simu asubuhi ileile ukiwa na namba yako ya UCAS. Wakikataa, kuna Clearing, utaratibu wa UCAS wa kujaza nafasi zilizobaki, na pale huangalia zaidi matokeo.

Ukitaka karatasi isahihishwe upya, kwa mtihani wa Cambridge International shule ndiyo inayoomba, si wewe, na alama inaweza kushuka pia. Masharti ya ofa kwa kawaida yanatakiwa yawe yametimia ifikapo mwisho wa Agosti hivi. Shule nyingi mwezi huo ziko likizo, basi kabla hamjafunga chukua namba ya simu ya ofisa wa mitihani, ile anayoipokea akiwa nyumbani.